Mtaalamu wa Kiti cha Mbele

Asubuhi Mochama alikuwa redioni, akiwafundisha wafanyabiashara wadogo jinsi ya kustahimili uchumi mgumu. Mchana, ndani ya teksi ya Probox ya kwenda Kiptere, alikaa kiti cha mbele kimya kama maji ya mtungi, kwani wanawake wawili huko nyuma wangeitambua sauti yake.

"Eti nipunguze wafanyakazi," alisema Bonareri, msusi. "Na niko peke yangu! Nijifute kazi?"

"Mimi ameniambia nimjue mteja wangu," akacheka Celine, mpika chapati. "Wateja wangu walikuwa wachuma chai. Sasa shambani kuna mashine. Niipelekee mashine chapati?"

"Lakini bado umefungua."

"Nauza nusu nusu. Na wewe?"

"Nasuka mbele tu. Huko nyuma mtu anafunika na kitambaa."

Wakacheka mpaka kiti kikalia.

"Huyo wa redio hajawahi kuuza hata kiberiti," akasema Celine.

Hapo Mochama aliumia kweli, maana viberiti alikuwa ameviuza miaka tisa.

Gari likasimama. "Mwalimu," dereva akauliza kwa heshima zote, "si nikushukishe hapa kwa lile duka lako ulifunga?"