Fundo la Baba Aikande

Benchi la kahawa la Leonida, pale Karatu karibu na stendi, lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kukosa mtaalamu. Alasiri ile wataalamu walikuwa wawili: Zablon, aitwaye Hema kwa kuwa huwajengea watalii mahema Ngorongoro, na Clemensi Turubai, mfunga mizigo ya vitunguu kwenye Fuso. Katikati yao Baba Aikande, dereva mstaafu wa lori la ng'ombe, alikuwa ameshika simu, kahawa yake imepoa. Binti yake Aikande alikuwa Dar, ameachiwa boti ya matanga ya tajiri wake kwa mara ya kwanza, peke yake. Mawimbi yalikuwa yakiingia hadi gatini, boti inajigonga ukutani, kamba moja imeshakatika. Kati ya watu wote, alimuuliza baba yake afungeje.

— Akaze! Hema alisema. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hema lililolegea sisi tunaliokota bondeni.

— Apige na turubai juu, azungushe kamba kama mzigo wa Fuso, Turubai alidakia.

— Na vigingi pembe nne.

— Vigingi majini, Hema?

— Basi ajaze mawe ndani. Kitu kizito hakiruki.

— Kinazama, Leonida alisema akimimina.

Baba Aikande hakucheka. Asubuhi alikuwa amemwambia binti akaze kamba, na iliyokatika ndiyo hiyo iliyokazwa.

— Jamani, alisema taratibu. Fahali ukimfunga kichwa kikagusa bodi ya lori, shimo la kwanza tu, kamba inakatika au shingo. Ukimwachia ayumbe kidogo, anafika mnadani mzima.

Akarekodi ujumbe:

— Mama, nilikosea. Tumia kamba ndefu, za mbele na za nyuma, nyingine zipishane ubavuni. Iache iyumbe, ila isifike ukutani. Panapokwaruza, ivike kamba kipande cha mpira wa maji.

Nusu saa ikapita bila jibu. Pembeni, Sironka, mfugaji wa Endulen aliyekuwa akisubiri gari, alikuwa amesikiliza yote.

— Wazee, huyo mtoto anajua kuogelea?

Hema akaangalia kikombe chake. Turubai akamwangalia Hema. Saa nzima walikuwa wakiiokoa boti. Baba Aikande alikuwa amemfundisha mwanawe kila fundo alilolijua, lakini maji, nani wa Karatu angemfundisha? Akapiga simu.

— Baba! Nilikuwa bado nafunga. Imetulia, haijigongi tena!

— Achana na boti. Ukianguka majini je?

— Naogelea, Baba. Mwaka wa pili sasa. Sikukwambia, nilijua hutalala.

Baba Aikande akafuta macho kwa mgongo wa mkono, mbele ya benchi zima, wala hakujificha.

— Na siku ya kwanza, mama, nani alikushika?

— Nilijifunga kamba kiunoni, Baba. Lile fundo lako la ndama.