Unga wa Ngano Kwenye Mchuzi

Ndani ya basi, mpishi wa sherehe aliwasikia dada wawili wa kiti cha mbele wakizungumzia harusi ya jana.

"Shangazi amelazwa. Ngano haipatani na tumbo lake, na mpishi tulimwambia mapema."

"Labda keki."

"Keki hakuigusa. Alikula wali na mchuzi tu."

Mpishi aliinamisha uso. Wanga wa mahindi ulipomwishia jikoni, aliutia mchuzi unga wa ngano ili uwe mzito, akijidanganya kwamba kijiko kimoja hakiui mtu.

"Mchuzi? Yule mama namtetea. Mikono ile haikosei."

Sifa hizo zilimchoma kuliko matusi. Basi liliposimama kituoni, alimgusa yule wa kwanza begani.

"Dada, mchuzi niliupika mimi. Shangazi amelazwa wapi?"