Siku Niliyoambiwa Kwamba Nina Kampuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, kwa sababu mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nimefunga begi nikitaka kuwakimbia nyinyi nyote.

Wengi mnanijua kama mtu wa njia. Nimechuna chai Kericho, nimelima viazi Londiani, nimechunga ng'ombe za watu hadi karibu na mpaka. Nikiwa mbali nilililia nyumbani; nikifika nyumbani nilitamani mbali. Na mahali pakiwa pagumu, nilihama. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yangu.

Kericho nilipata kazi ya kupakia kuni za mikaratusi zilizouzwa kwa viwanda vya chai. Siku moja bosi alituita wapakiaji ofisini, tutoe vitambulisho na kutia sahihi. Tukadhani ni mambo ya bima ya hospitali. Ndugu zangu, sikusoma! Nilitia sahihi, nikarudi kwa kuni. Baadaye nikahama kama kawaida, nikaja hapa Chebunyo kwa mama.

Asubuhi moja bosi akapiga simu. "Dairekta!" akaniita, akicheka. Ndipo akanieleza. Ile sahihi ilikuwa ya kufungua kampuni kwa jina langu. Kuni zake ziliuzwa kwa jina la kampuni hiyo, pesa zikapitia huko zikamrudia kimyakimya, na serikali akaiambia kwamba hapati faida. Sasa watu wa kodi walikuwa njiani kuja kwangu. "Vuka Tanzania kidogo, nauli nakutumia. Ukibaki, utafungwa wewe, si mimi."

Deni la malori na malori ya kuni, kwa mtu mwenye mbuzi watatu! Nikafunga begi.

Kabla sijatoka, gari la watu wa kodi likaingia. Mama hakujua ni akina nani, lakini kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa mursik. Akawapa viti, akaleta kibuyu cha hayo maziwa yaliyoiva, akaniona mlangoni.

"Wewe! Wageni wamekaa na umesimama na begi kama mwizi wa mahindi? Kuja umimine!"

Ningempitaje mama yangu? Nikamimina macho yakiwa kwenye begi, maziwa yakamwagikia kiatu cha afisa wa kodi.

Afisa, mwanamke wa makamo, akanywa, akashukuru, akauliza, "Malori ya kampuni hulala wapi?"

Mama akacheka hadi akashika mbavu. "Lori? Huyu hata wilbaro anaomba kwa jirani!"

Afisa naye akacheka. Kisha akaniangalia. Simu ya bosi ikaanza kulia mfukoni. Ndugu zangu, hapo Roho alinishika miguu! Nikaizima simu. Nikasema yote.

"Utayarudia haya mbele ya bosi wako?" afisa akauliza.

"Nitayarudia."

Nikayarudia Kericho, mbele ya bosi na wakili wake. Wapakiaji wenzangu waliposikia, nao wakaja. Kumbe kila mmoja alikuwa dairekta! Haleluya! Leo bosi analipa kodi aliyoficha, na majina yetu yametolewa kwenye deni hilo.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama. Nimepanda mahindi, na kwa mara ya kwanza nitayavuna mwenyewe.

Kama uko hapa na umeshapewa nauli ya kukimbia, mrudishie mwenyewe. Keti chini, useme ukweli. Yesu hatakutafuta Tanzania. Anakujia hapo hapo ulipo.