Fundi wa Sauti Aliyejifunza Kukasirika Polepole

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, fundi wetu mkuu wa sauti anastaafu. Jina lake kamili wengi hatulijui. Sisi tunamwita Mzee Radi, na jina hilo hakupewa kwa upole.

Alianza akiwa kijana wa kuvuta nyaya, kampuni ikiwa na kamera moja na ghala hili hili la bati. Akapanda hadi kushika fimbo ya maikrofoni, kisha akapewa meza ya sauti, na filamu zote za vichekesho tulizotoa zimepita masikioni mwake. Sikio lake ni balaa. Aliwahi kusimamisha kazi kwa sababu mtu wa taa alikuwa na peremende mdomoni. "Imeze au iteme," alimwambia, "lakini usiitafune kwenye filamu yangu." Friji ya jikoni aliizima kila tulipoanza kurekodi, na funguo za gari lake akazifungia humo, ili asije akasahau kuiwasha tena, akaenda nyumbani akaacha maziwa yetu yakiharibika.

Shida ni kwamba aliyetaka kimya kuliko wote ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote. Simu ikilia, yeye alilia zaidi. Alishamfokea mwongozaji, akamfokea mgeni rasmi, na siku moja akaifokea mvua. Wapo mafundi wazuri mjini waliopita mikononi mwake na wanamshukuru. Wapo pia walioacha kazi kabla ya chakula cha mchana. Mwaka jana, msaidizi wake mwingine alipoondoka akilia, meneja wetu, mama asiyesema jambo mara mbili, alimwita ofisini. Onyo lilikuwa moja: akimfokea mtu tena, hata mara moja, ataondoka siku hiyo hiyo, na habari ya kuagwa aisahau. Mzee alitoka humo akaufunga mlango taratibu. Sote tulijua, naye alijua kwamba tunajua.

Hapo ndipo tukaanza kupiga picha ile filamu ya refa. Wengi mmeiona: refa mwenye hasira anawafukuza wachezaji wote uwanjani, anabaki peke yake na kipenga, kisha anapelekwa darasani kufundishwa kuituliza hasira yake. Na wa kuinasa sauti yote hiyo, neno kwa neno, alikuwa Mzee Radi, na onyo lake shingoni.

Wiki zile hatukutulia. Feni zimezimwa, bati linachoma, mtu anajikuna kwa kujificha. Tulitembea kwa ncha za vidole, macho kwake badala ya kwenye kamera. Mchekeshaji wetu aliyecheza refa hakumhurumia. Kila asubuhi alimpita mezani: "Shikamoo, Mzee. Leo kuna radi au manyunyu tu?" Mzee aliitikia "Marahaba" huku meno yamebana na mshipa wa shingo umesimama.

Ikafika siku ya onyesho kubwa. Refa anatukanwa darasani na anatakiwa atulie. Alifumba macho, akahesabu, akapumua, hakuna aliyecheka. Mwongozaji akasema turudie. Simu ikalia. Tukarudia. Sufuria ikaanguka jikoni. Tukarudia, na safari hii mchekeshaji akapatia kila neno hadi la mwisho, na kwenye hilo la mwisho mwanangu mdogo, niliyemlaza kule chumba cha mavazi ninakofanyia kazi, akaamka, akalia kwa nguvu zake zote. Meneja alikuwa amesimama mlangoni.

Mzee alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu. Akachukua fimbo ya maikrofoni kama mtu anayetafuta cha kushikilia, akatoka, akazunguka nyuma ya tangi la maji. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alisahau kuzima maikrofoni. Mwongozaji alikuwa bado na hedifoni yake masikioni. Akaanza kutabasamu, kisha akafungua spika tusikie wote.

"Najua, baba, najua," Mzee Radi alikuwa anasema huko nje, chini chini, peke yake. "Wamekuudhi. Kasirika, lakini kasirika polepole. Haya, pole. Inapita."

Hayo ni maneno ninayombembelezea mwanangu. Ukuta wa chumba cha mavazi ni mwembamba, na mzee yule hapitwi na kitu. Tulicheka hadi mtu wa taa akakaa chini. Tulipoinua macho, Mzee alikuwa amesharudi ndani. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe kwenye spika, na meneja alikuwa kando yake.

Kicheko kikakatika. Uso wa Mzee ulivimba, mikono ikakosa pa kukaa. Nilimtazama vile ninavyomtazama mwanangu kabla hajatupa kikombe, nikatikisa kichwa.

"Sauti imetoka vizuri," akasema mwishowe, bila kuipandisha. "Ila kuna kunguru nyuma. Tutarudia. Refa, njoo nikufundishe."

Ndicho kipande ambacho watu wamekiangulia kicheko kila ilikoonyeshwa filamu hiyo: refa mzima, na kipenga chake shingoni, anajibembeleza kama mtoto mchanga. Meneja alirudi ofisini kwake. Kesho yake akatuuliza tumepanga kumuaga vipi akistaafu.

Hatusemi amekuwa malaika. Macho bado anayatoa, na peremende bado tunazificha. Lakini msaidizi wake wa sasa ana mwaka hapa, na juzi tulimsikia akiimba.

Mzee wetu, asante kwa sikio lako, na asante zaidi kwa ulimi ulioushika. Mama watoto wako ametuomba tukubakize hata siku mbili kwa wiki; tumemjibu achukue mtu wake. Ijumaa utatoka kwa mlango wa mbele, saa uliyoichagua mwenyewe, na sote tutakuwa tumesimama kukusindikiza. Tunakuombea afya, siku ndefu, na nyumba yenye watu wa kukuudhi kidogo tu.