Risala ya Wafanyakazi wa Uwanja Mdogo wa Ndege kwa Mgeni Aliyekuja kwa Barabara

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Safari za Ndege,

MAKARIBISHO
Sisi wafanyakazi wa uwanja huu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Risala hii iliandikwa isomwe asubuhi, kwa hiyo ukisikia "asubuhi hii njema," tuvumilie. Maua uliyopewa yalikuwa mazima ulipoondoka kwako. Pole sana na njia. Adhuhuri tulimpigia simu dereva wako, akasema, "Tunazunguka mlima." Alasiri tukampigia tena, akasema, "Bado ule ule."

HISTORIA
Kati ya uwanja wetu na wa jirani pana mlima mmoja tu. Ndege huuvuka kwa dakika kumi na nane, ingawa sisi saa hatuitazami. Simu ya upande wa pili ikisema ndege imeruka, mpishi wa kantini huinjika birika. Maji yakichemka, ndege inagusa lami. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, na hakuna abiria aliyewahi kukuta chai imepoa.

MAFANIKIO
Ofisi yako ilituletea birika la umeme, tunashukuru. Siku ya kwanza lilichemka kufumba na kufumbua. Tukatoka mbio sote na mikokoteni ya mizigo, mzimamoto mbele na kofia yake, tukapanga mstari kulipokea jua, ndege ikiwa bado nyuma ya mlima. Tumerudia jiko la mkaa. Birika lenu tunalitunza vizuri, halijapata hata vumbi.

CHANGAMOTO
Tumesikia safari hii itafutwa kwa sababu umbali ni mfupi mno, abiria wapite barabarani. Ofisini kwako waliupima kwa rula juu ya ramani, na rula haipandi mlima. Wewe mwenyewe umekuja kwa gari ili kutuonyesha kwamba inawezekana. Tumeona, Mheshimiwa. Inawezekana, na suruali yako ni shahidi.

Lakini yuko mama yake karani wetu wa tiketi. Husafishwa figo hospitali ya upande wa pili, mara mbili kwa wiki. Huruka jioni, hulala kwa mdogo wake, hutibiwa alfajiri, na uji wa saa nne anaunywa kwake. Kwa barabara, atakuwa bado anarudi ilhali ameshatakiwa kwenda. Hapo hatutanii. Karani hapati usingizi, na sisi tunaogopa.

MAOMBI
Tulikuwa na maombi saba, yakiwemo mabuti ya mvua. Kwa kuwa giza linaingia, tumebaki na moja: safari isifutwe.

Limezuka na jambo dogo. Msaidizi wako ametunong'oneza kwamba kiuno kinakusumbua, ungependa urudi kwa ndege ya jioni hii. Imebaki siti moja, na ni ya mama yake karani. Mama aliposikia akasema, "Mpeni mgeni, wanangu. Mimi kungoja nimezoea."

Tumemkatalia kwa niaba yako, tukijua nawe ungesema hivyo hivyo. Dereva wako ameshakula, na gari tumeliosha.

Mwenyezi Mungu akushike mkono katika kila kona, maana ni nyingi, akufikishe salama ukiwa bado unatukumbuka.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Uwanja Mdogo, Upande Huu wa Mlima