Bendi Isiyo na Mwimbaji

Mbele yangu kwenye basi, mpiga tarumbeta mwenye mvi alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, fundi cherehani, habari za bendi yake. Miaka ishirini wanapiga muziki wa soul wa kizamani bila kuimba, na sasa mtayarishaji wa rekodi zao aliwashurutisha watafute mwimbaji.

"Dada wa watu akaja, akasikiliza mazoezi, akasema, 'Mimi niingie wapi? Tarumbeta imeshasema yote.' Akaaga. Nilishusha pumzi, we acha tu."

"Lakini kaka, wimbo bila maneno ni gauni bila mtu ndani."

"Maneno yapo. Naandika kwanza, wenzangu wanasoma, ndipo tunapiga. Karatasi naichana."

Nikaona hiyo ni kazi kubwa mno kwa watu walioamua kunyamaza. Fundi naye hakuridhika. "Sasa nani atayajua?"

"Mke wangu aliponiacha nilimwandikia wimbo wake. Aliujua kabla haujafika katikati."

"Akasemaje?"

"Akarudi nyumbani."

Basi likasimama. Fundi akainuka na mfuko wake wa vitambaa. "Mimi bado nataka maneno," alisema. "Ila niambie, mwanamume wa miaka hamsini kama mimi anaweza kujifunza tarumbeta?"