Querobino Barreto na Wimbo Uliokwenda kwa Mwendo wa Mama Yake

Paroko wetu Padri Anselmo, wafiwa, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Mumbai na ng'ambo, asanteni kwa kuja. Mimi ni Ludovina, mpwa wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu watoto wake wanasema wakisoma wao watalia, na mimi nilikuwa mwalimu, eti walimu hawalii. Tutaona. Najua pia kuna jambo moja mnalotaka kulijua kuliko yote, maana tangu juzi linazungumzwa mpaka kwa muuza mikate: je, marehemu atapigiwa wimbo wake wa filamu akipelekwa makaburini, au hatapigiwa? Aliuomba kwa kinywa chake mwenyewe, na paroko alikataa. Jibu lipo, nami nitalifikia. Ila halieleweki bila maisha yake, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Querobino Barreto, ambaye wote tulimwita Bino, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1938 hapa Vodlexet, Salcete, Goa, katika nyumba ile ya veranda ng'ambo ya shamba la mpunga. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa Salvador Barreto, mwalimu wa muziki wa parokia, ambaye hata waliomzidi umri walimwita Mestre, yaani Mwalimu, na mkewe Piedade, aliyeuza pilipili na mabilinganya sokoni Margao. Mtoto wa pili ni mama yangu, Esperança, huyu aliyekaa mbele. Anaomba msimtazame kwa huruma namna hiyo, kwa sababu aliyekufa si yeye.

Bibi yangu Piedade sikumwona, lakini nimesimuliwa miguu yake. Alitembea kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Alikuwa akifika sokoni wakati wenzake bado wanajitwisha vikapu, na siku za Jumapili mumewe, ambaye alitembea kwa madaha kama ilivyompasa mwalimu, alikuwa akimwona mgongo tu kutoka nyumbani hadi kanisani. "Piedade, kanisa halikimbii!" alimpigia kelele. Naye akajibu bila kugeuka, "Na mimi silikimbizi, Salvador, nalifuata!"

Marehemu alisoma shule ya parokia, akajua nota kabla hajajua herufi, kama watoto wote waliopita mikononi mwa babu. Alianza na fidla, akakata nyuzi nyingi mno, babu akampa tarumbeta akisema, "Hii haina cha kukata." Mwezi Juni 1949, mvua zilipoanza, Piedade alishikwa na homa, na kabla ya wiki kuisha alifariki. Babu alijifungia chumbani, akatoka na marshi mpya ya maziko, yaani muziki wa kusindikizia jeneza, aliyomtungia mkewe. Marehemu alikuwa na miaka kumi. Alitembea na bendi mbele ya jeneza la mama yake, akipiga tarumbeta kwenye matope, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Jirani mmoja mwenye mdomo mwepesi alimsogelea babu njiani akamwambia, "Mestre, kweli huyu ni Piedade? Kwa mwendo huu angekuwa ameshafika, amerudi, na wali umeiva." Babu akasema maziko yana mwendo wake. Marehemu aliyasikia maneno yale na hakuyasahau. Marshi ile ndiyo inayopigwa katika maziko yote ya kijiji hiki mpaka leo.

Mwaka 1955 marehemu alikwenda Bombay, kama ulivyoitwa wakati huo mji wa Mumbai, akafikia mtaa wa Dhobi Talao katika nyumba ya wanakijiji wetu. Pale kila mwanamume alikuwa na sanduku lake na nafasi ya mkeka, na asiyefika kwenye rozari ya jioni hakupewa ufunguo. Alipiga kwenye mahoteli, kisha akaingia studio za filamu, ambako watu wa Goa walikuwa wengi kwa sababu walijua kusoma nota. Kihindi chake kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia basi. Alisema hakikumpunguzia kitu, kwa kuwa tarumbeta haiulizwi lugha.

Siku ya tarehe 14 Novemba 1963 ndiyo iliyotuletea mambo haya yote. Walikuwa wakirekodi wimbo wa bwana harusi anayenyeshewa njiani akienda kumchukua bibi harusi, naye anaibembeleza mvua: "Mvua, ningoje nifike." Mwimbaji yupo, wapiga fidla wapo, ngoma zipo, wote ukumbi mmoja. Katikati ya ubeti wa kwanza na wa pili palibaki pengo. Mtunzi alikuwa ameandika kitu pale, akakifuta, akaandika kingine, akakifuta nacho. Mwishowe akamgeukia marehemu.

"Bino, kule kwenu Goa, watu wakitoka wote barabarani, bendi mbele, wao nyuma, mnapiga nini?"

Marehemu hakuuliza wametoka kwa ajili gani. Kwa mtu wa Bombay, bendi mbele na watu nyuma ni bwana harusi juu ya farasi, na shangazi zake wanacheza barabarani. Kwa mtu wa Vodlexet ni jeneza. Akavua kofia, akapiga marshi ya mama yake.

"Tamu sana!" mtunzi akasema. "Lakini mbona imelala? Kaza mwendo."

Akakaza.

"Kaza tena, bwana! Huyu jamaa anakwenda kuoa, haendi kunyongwa!"

Hapo ndipo marehemu alipoelewa alichoulizwa. Alituambia mara nyingi kwamba alitaka kuteremsha tarumbeta na kuomba radhi. Lakini mwendo ulikuwa umeshakazwa, vidole vimeshashika njia, na ghafla akamwona mama yake, kikapu kichwani, mgongo tu, anaelekea Margao. Akamfuata. Alipomaliza, wapiga ngoma walikuwa wamesimama, na mtunzi alikuwa akicheza peke yake kati ya viti. Wakarekodi vile vile.

Filamu ilifika Margao mwaka uliofuata. Kijiji kizima kilikwenda na babu akawekwa katikati. Wimbo ukaanza, ubeti wa kwanza ukapita, tarumbeta ikaingia, na safu nzima ya watu wa Vodlexet ikasimama ikafanya ishara ya msalaba. Haikuwa kusudi, miguu yao ilijua ule muziki kabla ya vichwa. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi na mbinja.

"Kaeni chini nyie, hatuoni!" mtu wa nyuma akafoka.

"Waheshimu marehemu, mshenzi wewe!" akajibiwa na mama mmoja wa kwetu.

"Marehemu gani? Huyo bwana harusi si anacheza!"

Babu peke yake hakusimama. Mama yangu alikuwa kando yake, na anasema alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, machozi yanaingia kwenye masharubu. Wakadhani ameudhika. Alipopata pumzi alisema, "Huyo sasa ndiye Piedade. Mimi nilikosea mwendo."

Wimbo wenyewe mnaujua kuliko ninavyoweza kuueleza. Filamu yake imesahaulika, nami niliyeiona siwezi kuwaambia nani alimwoa nani. Lakini hakuna msafara wa harusi kutoka hapa hadi Delhi usioupiga, hata kiangazi pasipo na wingu, na mabibi wasioweza kupanda ngazi ukiwapigia vipande vile vya tarumbeta wanapandisha mabega. Wajukuu wa marehemu waliucheza shuleni bila kujua ni wa babu yao, na mwalimu akawaambia ni wimbo wa zamani sana wa wakulima. Watu wameuliza kwa nini haufi. Wataalamu watasema yao. Mimi nadhani ni kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyekuwa anapendwa sana na hayupo, halafu ukapigwa kwa furaha. Anayecheza hajui, lakini mwili wake unajua.

Tarehe 8 Januari 1966 marehemu alifunga ndoa na Ermelinda Falcão wa Curtorim. Ndoa hiyo ilikaribia kuvunjika mlangoni mwa ukumbi. Bendi ilipoanza wimbo wa bwana harusi mwenyewe, mama mkwe, aliyekuwa amezika watu wengi Vodlexet, alizuia njia kwa mikono miwili. "Binti yangu haingii harusini kwa muziki wa jeneza!" Ermelinda akainua gauni lake asilikanyage. "Basi mama, nitaingia nao, wewe utanikuta ndani." Akaingia anacheza. Walijaliwa watoto wawili, wakaishi Mumbai hadi mwaka 1998 waliporudi nyumbani. Ermelinda alipofariki mwaka 2011, Bino aliiambia bendi ipige marshi ile polepole kabisa. Alisema, "Mke wangu hakuwahi kukimbilia kitu. Huyu nataka nitembee naye."

Miaka mingi baada ya kurekodi, marehemu alimtembelea yule mtunzi, ambaye sasa alikuwa mzee, akamweleza ukweli. Mtunzi alisukuma kikombe chake cha chai kando. "Kwa hiyo binti zangu wawili nimewaozesha kwa muziki wa maziko?" Marehemu akakiri ndivyo. "Ndiyo maana!" mtunzi akasema. "Waume zao wana adabu mpaka leo." Wakaagiza chai nyingine.

Ugonjwa wa mapafu ulimwanza marehemu mwaka 2017 ukamwachisha tarumbeta, jambo lililomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mwezi Januari mwaka huu wa 2019 alilazwa hospitali Margao. Simu ya nesi mmoja ilikuwa na mlio wa wimbo huu, ila ulikatika kabla tarumbeta haijamaliza. Alimvumilia siku kadhaa, halafu akasogeza barakoa ya oksijeni pembeni akamwambia, "Binti yangu, unamwacha mama yangu katikati ya barabara. Mwache afike." Nesi akadhani homa imepanda kichwani. Nilipomweleza, aliketi kitandani pa mgonjwa akaupiga wote, na wodi nzima ikasikiliza. Jioni hiyo marehemu alinishika mkono. "Ludovina, msinipeleke polepole. Mama ananingoja tangu mwaka arobaini na tisa, na unajua hana subira." Nilimwahidi. Alifariki tarehe 11 Februari, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini. Nilikuwa nimemshika mkono ule ule.

Ahadi hiyo ndiyo niliyompelekea paroko, naye hakuwa mkali. Alisema nyimbo za filamu ni za sinema na harusi, hazipigwi mbele ya jeneza la Mkristo, na akiruhusu mmoja, wiki ijayo ataletewa wa mlevi. Niliondoka nikijua nitamzika mjomba wangu na ahadi yangu pamoja.

Jana jioni Padri Anselmo alikuja nyumbani kusali rozari. Tulipomaliza, mama yangu alimwita Remígio, kiongozi wa bendi. "Toa tarumbeta. Piga marshi ya baba." Remígio akapiga.

"Hii naijua," paroko akasema. "Ni ya maziko. Nimezika nayo tangu nije hapa. Hii hata kesho ipigwe."

"Remígio, kaza," mama akasema.

Akakaza. Paroko akakunja uso kidogo, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Kaza tena, mwanangu. Anakwenda kuoa huyo."

Huko jikoni vijiko vikaanza kugonga masufuria. Padri Anselmo alitutazama mmoja mmoja, akamtazama marehemu kwenye jeneza, akaanza kucheka mpaka akavua miwani. "Miaka mitatu!" akasema. "Miaka mitatu nazikia watu kwa wimbo wa harusi!" Mama akamsahihisha, "Hapana, Padri. Nchi nzima inaoana kwa wimbo wetu wa maziko." Hapo ndipo alipotoa hukumu yake, na nimemwahidi kuisoma kama alivyoitamka: "Ndani ya ukuta wa kanisa, polepole, kama Mestre alivyoandika. Nje ya lango ni barabara ya serikali, na mimi si trafiki."

Marehemu ameacha dada, Esperança, watoto wawili, Savio na Nazaré, wakwe wawili, wajukuu watano, ambao sasa wanajua wimbo ule ni wa nani, mpwa mmoja, ambaye ameshindwa kutimiza sifa ya walimu, na maelfu ya watu wasiomjua walioanza ndoa zao nyuma ya mama yake.

Bendi iko mlangoni. Kutoka hapa hadi langoni tutakwenda taratibu. Baada ya lango, wenye magoti mabovu msijaribu kushindana, tangulieni sasa hivi kupitia mlango wa pembeni, mtatukuta makaburini au sisi tutawakuta ninyi. Mjomba Bino, mama yako yuko mbele, unamwona mgongo. Mfuate. Ukishafika, pumzika kwa amani.